Majembe Yaliyolazwa Hadi Bunge Liridhie

Jumatatu, 9 Agosti 2021

Redio imethibitisha asubuhi hii. Mkutano ujao wa Bunge utaletewa azimio la kuridhia Mkataba wa Eneo Huru la Biashara Barani Afrika. Wadau wanakaribishwa kutoa maoni yao kwa maandishi.

Wadau! Nimelirudia neno hilo nikiwa nafagia banda la mbuzi. Sisi wakulima wa tangawizi wa milima hii ni nani, kama si wadau?

Nimeazimia kuandika. Mimi, Loth, katibu wa kikundi, niliishia darasa la saba, na mengineyo yote nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa vitumbua na barua za ofisi walizoniletea majirani niwafafanulie. Tangu hapo nimeandika maombi mengi. Daraja la korongoni lilijengwa baada ya barua yangu ya tatu. Sisemi kwamba lilijengwa kwa sababu ya barua hiyo. Naeleza tu mfuatano wa matukio.

Tangawizi imekomaa. Majani yamekauka na kulala chini. Kwa kawaida wiki hizi ndipo Abdulrahmani hupanda na lori lake kutoka Same, akapita nyumba moja moja, akanunua kwa lumbesa — lile gunia linaloshonewa kilemba juu, likameza karibu gunia la pili, nalo likahesabiwa kuwa moja. Kila mtu anauza peke yake, mlangoni kwake, akidhani jirani amekwisha kuuza.

Mwaka huu huenda ikawa vingine. Ndiyo hoja yangu. Nimechonga penseli.


Jumatano, 11 Agosti

Waraka unakwenda vizuri. Nilipoteza asubuhi nzima nikipima kama nianze kwa “Kwa heshima na taadhima” au “Kwa unyenyekevu mkubwa”. Nimechagua heshima na taadhima. Anayeleta hoja hapaswi kupiga magoti kabla hajaulizwa.

Maombi yetu ni mawili. La kwanza, Bunge liridhie. La pili, uasili wa bidhaa ulindwe, ili tangawizi ya kutoka ng'ambo ya bahari isibadilishiwe gunia njiani ikaitwa ya Afrika.

Mchana nilipata sentensi moja ambayo naiandika hapa pia, isipotee: “Tangawizi hii imelelewa na maji ya ndiva na kuchimbwa kwa mkono wa mkulima, wala haina kosa hata isimamishwe mpakani kama mshitakiwa.”

Nilimsomea mke wangu, Hedwiga, akiwa anachambua maharage. Alisikiliza hadi mwisho — nalihesabu hilo kuwa heshima. Kisha akauliza: “Sasa, Baba Agatha, na hiyo iliyoko shambani tunachimba lini?”

Nikamjibu kwamba jambo hilo litapelekwa mkutanoni.


Jumamosi, 14 Agosti

Siku kubwa!

Leo ilikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kutoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kulimbikizia maji ya mashambani. Pembe ilipigwa alfajiri, na walitoka wote: wanaume, wanawake, hata Bibi Beatha mwenye mguu mbovu alikuja na beseni lake. Kazi ilipokwisha tulikaa ukingoni kama desturi, miguu ina tope, na Mwenyekiti wetu, Mzee Hezroni, akanipa nafasi.

Nilisoma waraka nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye mshitakiwa, watu walicheka, kisha wakapiga makofi, kisha Sadock — ndiye mshika mlango wa maji — akaomba irudiwe. Nikairudia. Akaomba tena. Mzee Hezroni akamwambia akae chini, hiyo si kwaya.

Bibi Beatha akauliza swali la maana: “Hao wa Dodoma wakishakubali, wanunuzi wanakuja lini?”

Nikamjibu: siku hiyo hiyo, au kesho yake ikiwa barabara ni mbaya. Sikuona haja ya kusita. Hapa kwetu, mkutano wa ndiva ukisema tumekubali, Sadock tayari ana mkono kwenye kizibo, na maji yako mferejini kabla wazee hawajasimama. Jambo lililokubaliwa limekwisha anza. Bunge ni mkutano mkubwa kuliko wetu, basi na maji yake bila shaka yatakuja kwa nguvu zaidi.

Ndipo nikaweka hoja, nami nainakili kama ilivyopita: “Kwamba majembe yalazwe, na asiwepo mwanakikundi atakayechimba tangawizi ya kuuza, hadi Bunge liridhie.” Lengo ni kwamba wanunuzi wapya watukute na mali yote ikiwa kamili, haijachukuliwa na lumbesa za Abdulrahmani.

Walikubali. Kila mtu alilaza jembe lake ukingoni, mpini ukielekea majini. Yalipolala yote, Mzee Hezroni akasema yamelala. Hilo si jambo la mzaha. Majembe yaliyolazwa pamoja huinuliwa pamoja, na kwa sharti lile lile lililotajwa. Atakayechimba kabla atatoa mbuzi. Mbuzi ataliwa na wote, na mwenye mbuzi atapakua bila kuonja.

Tulipokuwa tunarudi Hedwiga alisema kwamba mvua za vuli hazisikilizi redio. Ni kweli tangawizi ikikutwa ardhini na mvua itachipua, na iliyochipua hakuna anayeinunua. Lakini vuli iko mbali. Nilimwambia hivyo. Nimelala mchana huu usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.


Jumanne, 17 Agosti

Nimeshuka Same kwa bodaboda. Vumbi hadi ndani ya masikio. Binti wa steshenari aliuchapa waraka, na nikasimama nyuma yake muda wote, maana alitaka kunipunguzia mikato. Ukatumwa Dodoma kwa barua pepe, nakala ofisi ya biashara ya wilaya. Mimi nilimwomba abonyeze mbele ya macho yangu. “Tayari, babu.” Hivyo tu! Maneno ya wiki nzima yakaondoka kwa kidole kimoja.

Karibu na stendi nikaitwa kwa sauti: “Katibu! Katibu wa majembe!”

Abdulrahmani. Amekaa mbele ya ghala lake, kikombe cha kahawa mkononi. Habari zilikwisha mfikia.

“Nasikia mmenisusia.”

Nikamweleza kwamba hatukumsusia mtu. Tumeahirisha uchimbaji hadi chombo husika kiridhie.

“Chombo husika,” akasema, na kumgeukia mpagazi wake. “Umesikia? Mimi nimekuwa nikipanda mlima ule tangu baba yangu ana lori la kuwasha kwa mkono, leo nasubiri chombo husika.” Kisha akaniagizia kahawa. Akauliza hali ya Hedwiga. Akasema kama wanunuzi wa Afrika nzima wanakuja, niwaambie kona ya pili juu ya korongo ina jiwe, wasije wakavunja springi.

Ni mtu mchangamfu. Ingekuwa rahisi zaidi kumpinga kama asingekuwa hivyo.


Jumapili, 22 Agosti

Kanisani. Baada ya ibada watu kadhaa walinishika mkono, na kijana mmoja wa kwaya alinisalimia: “Shikamoo, mshitakiwa!” Nikamwitikia marahaba. Sentensi hiyo sasa inatembea peke yake.

Ndizi na maharage. Jua zuri. Sina la kuongeza.


Alhamisi, 26 Agosti

JIBU LIMEKUJA!

Binti wa steshenari alipiga simu, akanisomea. Kamati inashukuru kupokea maoni ya kikundi chetu, na itayazingatia pamoja na maoni ya wadau wengine. Nikamwomba asome tena mahali pa “wadau wengine”. Yaani sisi ni wadau, na wapo wengine.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Hezroni. Alikuwa anakamua ng'ombe, akaniambia niseme taratibu, ng'ombe asishtuke. Alifurahi. Alisema babu yake alishuka na wenzake hadi Same enzi za mgogoro wa kodi ya mbiru, wakakaa nje ya boma la mkoloni bila kuondoka, na hakuna aliyewaandikia kuwashukuru kwa maoni.

Tulikunywa maziwa ya moto. Nimerudi nyumbani nikitembea kama mtu mrefu zaidi.


Jumanne, 31 Agosti

Bunge limeanza. Azimio letu bado halijasomwa.

Ukungu umekaa kwenye kilele cha Shengena tangu juzi. Hedwiga amefukua shina moja pembeni — la mboga, si la kuuza, sheria inaruhusu — akanionyesha. Vimacho vyeupe vimeanza kuvimba. Ameliweka mezani karibu na kalamu yangu.


Alhamisi, 2 Septemba

Naandika polepole, ili niandike sawasawa.

Nilishuka Same kumwona ofisa biashara, nia yangu ikiwa kumwuliza wanunuzi wapya wataelekezwa kwa utaratibu gani, ili tusije tukawakuta kumi kwa wakati mmoja. Ni mama kijana, anaitwa Priska. Alinyanyuka akaniamkia, akanipa kiti. Nakala ya waraka wetu ilikuwa juu ya meza yake! Alisema amewasomea wenzake ile ya mshitakiwa.

Kisha nikauliza swali langu. Akaweka kalamu chini.

Akanieleza kwa upole. Bunge likiridhia, hati itapelekwa na kukabidhiwa Umoja wa Afrika. Baada ya hapo nchi zitaendelea kujadiliana: bidhaa zipi, ushuru upi upungue na kwa mwendo gani. Kisha vyeti vya uasili. Kisha wafanyabiashara wajisajili. Kisha wanunuzi — nao watataka mali iliyopangwa kwa madaraja, yenye cheti, inayopatikana mwaka mzima.

Nikamwuliza kama hayo yote yanaweza kukamilika kabla ya mvua za vuli.

“Mzee wangu,” akasema, “hata vuli ya mwakani nisingeitaja.”

Nilimshukuru kwa sentensi kamili. Nilitoka hadi stendi, nikakaa kwenye benchi, basi la Moshi likapita, la Dar likapita. Kwetu jambo likikubaliwa linaanza. Kumbe kuna mikutano ambayo ikikubali, ndiyo kwanza imeanza kuzungumza! Sikuwahi kulifikiria hilo. Nimewafanya watu wazima walaze majembe yao juu ya jambo ambalo halikunijia akilini.

Na hoja niliiandika mimi. “Hadi Bunge liridhie.” Sikuweka ibara ya dharura. Hata tone.

Nitawaambia Jumamosi. Wazi, na kwa mpangilio.


Jumamosi, 4 Septemba

Nimewaambia. Hawakukubali!

Mzee Hezroni aliitisha mkutano ukingoni mwa ndiva kwa ombi langu. Nilieleza hatua zote kama Priska alivyozipanga. Nikakiri kwamba jibu nililompa Bibi Beatha halikuwa na msingi. Nikapendekeza majembe yainuliwe leo, watu wachimbe, Abdulrahmani aitwe.

Kisha Sadock akanyanyuka.

“Mwenyekiti, mimi nina taabu. Hapa tuna Loth wawili. Yuko Loth wa Agosti na yuko Loth wa Septemba. Tumwamini yupi?”

Nikasema wa Septemba, kwa kuwa ana taarifa kamili zaidi.

“Lakini wa Agosti alisema vizuri zaidi,” akajibu.

Watu walicheka hadi mmoja akateleza nusura aingie majini. Nikajaribu tena. Nilitumia hoja zote nilizonazo, na kila hoja ilirudishwa kwangu kwa maneno yangu mwenyewe. Niliposema ni hatari kungoja, mama mmoja akaniuliza kama tangawizi ni mshitakiwa hata ikimbie. Niliposema Abdulrahmani si mbaya kama tulivyofikiri, wakaguna. Sijapata kushindwa mjadala na watu walioandaliwa vizuri namna ile — na aliyewaandaa ni mimi.

Bibi Beatha hakucheka. Alisema shamba lake ni la mwisho kwenye mfereji, udongo wake ni mwepesi, na mvua ikigusa tu yake itachipua kabla ya za wengine. Nilitazamia aombe majembe yainuke. Akasema: “Lakini yamelala kwa neno. Yakiinuliwa kabla ya neno, safari nyingine nani atalaza?”

Hapo Mzee Hezroni akafunga. Sharti ni Bunge kuridhia, basi ni kuridhia. Wanunuzi wakija, vyema. Wasipokuja, Katibu ametuambia, hatutasema hatukujua. Iandikwe hivyo.

Nikaandika hivyo.


Jumapili, 5 Septemba

Hedwiga ananiambia niache kushusha pumzi mbele ya chakula. Makande yalikuwa mazuri kweli. Anasema kwa miaka yote hii nimekuwa nikilalamika kwamba watu hawanisikilizi.


Jumatano, 8 Septemba

Redio: azimio ni kesho. Manyunyu kidogo asubuhi upande wa Chome, hayakufika kwetu. Nimetembelea shamba la Bibi Beatha. Shina moja kati ya yale tuliyofukua limechipua. Hayo mengine bado. Bado!


Alhamisi, 9 Septemba

Tangu asubuhi watu walikuwa ndiva, na majembe. Hakuna aliyewaita. Redio ya Mzee Hezroni ilitundikwa kwenye tawi, waya wake wa antena umefungwa na Sadock kwenye mlango wa maji, ambako alidai kuna usikivu.

Mjadala ulikuwa mrefu. Nilitamani dunia nzima isikie namna wabunge wanavyozungumza kuhusu uasili wa bidhaa. Kuna aliyesema jambo linalokaribiana na ombi letu la pili. Sidai kwamba alisoma waraka wetu. Naeleza tu kwamba lilikaribiana.

Betri zilianza kufifia. Ikabidi Sadock aziume kwa meno, moja moja. Kisha tukasikia wabunge wakihojiwa: wanaoafiki waseme ndiyo.

Ndiyo ile! Ikatoka redioni, na ukingo mzima wa ndiva ukaitikia NDIYO, kana kwamba na sisi tumehojiwa. Bibi Beatha alisema ndiyo baada ya wote, peke yake, kwa sauti ya kanisani.

Mzee Hezroni akasimama. “Bunge limeridhia. Majembe yamesimama.” Yakainuka yote kwa mara moja.

Nilijiona nina wajibu. Nikapaza sauti kuwakumbusha kwamba kesho hakuna lori litakalotoka nchi yoyote kuja hapa.

“Tumeshasikia, Katibu,” akasema Mzee Hezroni, “chimba.”

Tulianza kwa Bibi Beatha, msaragambo, wote shamba moja, kisha la pili, kisha la tatu. Tangawizi ilitoka ardhini safi, nene, vidole vyake vimejaa. Ya Bibi Beatha iliyochipua haikujaza hata kikapu. Harufu ilishika kijiji kizima. Mgongo unaniuma mahali ambapo sikujua nina mgongo. Nina furaha ambayo siwezi kuitolea sababu za kuridhisha.


Ijumaa, 10 Septemba

Naandika nimekaa juu ya gunia, kando ya barabara, saa kumi jioni. Wamenipa mapumziko mafupi. Nitaeleza ni ya nini.

Tumemaliza kuchimba saa sita mchana. Kwa kuwa tulichimba pamoja, tulirundika pamoja, hapa kwenye tambarare ya barabarani: tangawizi ya kijiji kizima mahali pamoja, rundo juu ya rundo. Sijapata kuiona hivyo. Hakuna aliyepata. Mwaka hadi mwaka ilikuwa inaondoka mlango kwa mlango.

Nilimpigia Abdulrahmani asubuhi. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Hakunipa nafasi ya kuyasema. “Chombo husika kimeridhia, nimesikia. Nakuja baada ya swala ya Ijumaa.”

Alikuja. Alishuka kwenye lori akiwa na kanzu nyeupe, akafunga mlango, akageuka — akasimama. Alitazama rundo. Akatazama watu waliokaa juu yake, wamekunja mikono kifuani. Akatazama tena rundo.

Hedwiga akaninong'oneza: “Huyu alizoea kutukuta mmoja mmoja.”

“Mmenifanyia nini?” Abdulrahmani akauliza, lakini anatabasamu. “Huu ni mnada au ni mazishi?”

Mzee Hezroni akamkaribisha, akampa kigoda. Wakaulizana habari za watoto, za ng'ombe, za barabara, za jiwe la kona ya pili. Kisha Mzee akasema: leo tunataka kukubaliana kwa maandishi, kama wanavyokubaliana wakubwa, isipokuwa letu lianze leo hii. “Katibu, andika.”

Nimeandika maombi maisha yangu yote. Sijapata kuandika mkataba! Tofauti niliiona mara moja: katika maombi upande mmoja unasema na mwingine unanyamaza. Hapa wote wanasema kwa wakati mmoja.

Ibara ya kwanza, kwamba tangawizi itapimwa kwa mzani, na lumbesa haitatumika. Abdulrahmani aliweka mkono kifuani kana kwamba ametukanwa. Alisema lumbesa ni desturi. Sadock akasema na kulaza majembe ni desturi. Abdulrahmani akasema mzani wake umebaki Same. Bibi Beatha akasema wa zahanati upo, ule wa kupimia watoto, unaning'inia vizuri. Hapo hata mpagazi wake akacheka. Ikakubaliwa, kwa shingo upande. Bei ya kilo nayo walivutana hadi ikakaa mahali ambapo kila upande umenung'unika sawasawa.

Ibara ya pili ni ya kwake. Anataka iandikwe kwamba hatutalaza majembe tena bila kumwarifu yeye kwanza.

Hapo ndipo tulipokwama. Mzee Hezroni anasema hilo ni la mkutano. Abdulrahmani anasema mkutano si huu hapa umekaa? Mzee anasema mkutano wa majembe hukaa ndiva, haukai barabarani. Abdulrahmani anasema basi na yeye lori lake hupakia likishapata jibu, halipakii likisubiri jibu. Wengine wanasema tumkubalie, ni neno tu. Bibi Beatha anasema si neno tu — aliyearifiwa mapema atapanda mapema, na atatukuta tena mlango kwa mlango. Nakubaliana naye. Mimi ndiye nimepewa kazi ya kutafuta maneno ambayo pande zote mbili zinaweza kutia sahihi, na ndiyo sababu ya mapumziko haya.

Nimejaribu: “Upande wa wakulima utamwarifu mnunuzi mara baada ya mkutano kuamua.” Baada, si kabla. Nimeona ni imara. Nimemsomea. Anatafuna kijiti. Amesema nisome tena, taratibu.

Wakati namsomea, mlima umepotea. Ukungu wa Shengena umeshuka hadi kwenye migomba ya juu, na upepo umegeuka baridi. Tangawizi iliyolowa rundoni haimalizi siku mbili bila kuota kuvu na kuoza. Sisi tunajua. Yeye anajua. Turubai la kufunika lote hili ni moja tu, nalo liko juu ya lori lake, limekunjwa.

Wanawake wameanza wimbo, polepole, bila kunyanyuka. Hakuna anayetazama juu.

Tone la kwanza limeangukia karatasi ya mkataba, pembeni mwa “mara baada ya mkutano kuamua”, na wino umetanuka kidogo. Abdulrahmani ameliona. Mzee Hezroni ameliona. Nimesogeza karatasi katikati yao, na kalamu juu yake.

Hakuna aliyeishika. La pili limedondoka kwenye kanzu.